Mkimbizi haji mikono mitupu

 

Safari hii kwenye ukurasa wetu wa elimu nataka tuongee juu ya mtu mmoja anayeitwa Abdulrazak Gurnah. Kama hujawahi kumsikia usione haya, maana hata huko Uingereza anakoishi watu wengi walikuwa hawamjui mpaka tarehe 7 Oktoba 2021. Siku hiyo mzee huyu alikuwa jikoni kwake anatengeneza chai, simu ikalia. Aliyepiga akamwambia kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yeye akadhani ni utani. Na sisi mambo hayo tunayajua: ukipigiwa na namba usiyoijua ukaambiwa "hongera, umeshinda", si unakata simu? Lakini hii ilikuwa kweli. Muda mfupi baadaye jina lake lilitangazwa dunia nzima.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu tatu. Kwanza, lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili, lugha hii hii tunayoongea bombani na sokoni. Pili, aliingia Uingereza kijana wa miaka 18, akiwa mkimbizi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, wale waliompa tuzo walipoeleza sababu yao walilitaja neno mkimbizi lenyewe. Walisema wamempa kwa jinsi alivyochunguza, bila kulegea na kwa huruma, madhara ya ukoloni na hali ya mkimbizi aliye katikati ya tamaduni na mabara.

Neno hilo tumezoea kuliona kwenye kadi ya mgao na kwenye karatasi za ofisini. Safari hii lilisomwa mbele ya dunia kwa heshima. Mimi nilifurahi, na nadhani na ninyi mtafurahi mkijua mtu huyu alifanya nini.

Tuzo yenyewe ni ipi?

Alfred Nobel alikuwa mtu wa Uswidi, mtaalamu wa kemia, aliyebuni baruti kali iitwayo dainamiti mwaka 1867. Alipata mali nyingi sana. Alipofariki mwaka 1896 aliacha wasia kwamba mali yake itoe zawadi kila mwaka kwa watu walioifaidia dunia. Zawadi hizo zilianza mwaka 1901, na mojawapo ni ya fasihi, yaani kazi ya kuandika: riwaya, mashairi, tamthilia na kadhalika.

Mshindi wa fasihi anachaguliwa na Akademia ya Uswidi, ambayo ilianzishwa mwaka 1786 na ina viti 18. Hakuna mwandishi anayejiombea mwenyewe. Majina yanapelekwa na watu wenye haki hiyo, kama vile maprofesa wa fasihi, viongozi wa vyama vya waandishi, na waliowahi kushinda. Majadiliano ni ya siri, na siri hiyo inafungiwa miaka 50. Oktoba jina linatangazwa, halafu tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Nobel, zawadi zinatolewa. Mwaka 2021 kulikuwa bado na korona, kwa hiyo Gurnah alikabidhiwa medali yake huko huko London badala ya kusafiri hadi Stockholm. Pesa ya zawadi mwaka ule ilikuwa krona milioni 10 za Uswidi, zaidi ya dola milioni 1 za Kimarekani.

Kabla yake Waafrika walioipata ni wachache. Wole Soyinka wa Nigeria aliipata mwaka 1986, Naguib Mahfouz wa Misri mwaka 1988, na kutoka Afrika Kusini Nadine Gordimer mwaka 1991 na J. M. Coetzee mwaka 2003. Kutoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki, Gurnah ndiye wa kwanza kupata Nobel ya fasihi.

Kijana wa Unguja

Gurnah alizaliwa Zanzibar tarehe 20 Desemba 1948. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Katika siku zile, na katika miaka iliyofuata, watu wa asili ya Kiarabu waliteswa na wengi waliuawa. Familia ya Gurnah ilihesabiwa katika kundi hilo. Yeye alikuwa na miaka 15 tu, mtoto wa shule.

Alipomaliza shule ilibidi aondoke. Akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko alisoma, akafanya kazi, akaendelea kusoma mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982. Aliwahi pia kufundisha chuo kikuu kule Kano, Nigeria. Baadaye akawa profesa wa fasihi hapo Kent mpaka alipostaafu.

Lakini hakuweza kurudi nyumbani mpaka mwaka 1984. Aliwahi kumwona baba yake, na muda si mrefu baadaye mzee akafariki. Ndugu msomaji, hapo nilipofika mimi nilikaa kimya kidogo. Humu kambini wapo watu ambao wazazi wao walifia ng'ambo ya mpaka, nao habari wakaipata kwa simu tu, matanga wakayakalia hapa chini ya turubai. Kwa hiyo tukisikia "ameshinda tuzo", tusidhani ni mtu ambaye maisha yalimnyookea. Yale yanayotuuma sisi na yeye yalimuuma.

Miaka mingi bila makofi

Alianza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini, wakati wa upweke. Kitabu chake cha kwanza, Memory of Departure, kilitoka mwaka 1987. Hapo alikuwa ameshafika miaka 38. Kikafuata Pilgrims Way mwaka 1988, chenye habari za Daud, kijana wa Afrika Mashariki anayefanya kazi ya chini hospitalini Uingereza na kuonja ubaguzi kila siku. Mwaka 1994 kikatoka Paradise, ambacho kiliingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya huko Uingereza. Hakikushinda. Mwaka 2001 kikatoka By the Sea. Mwaka 2020 kikatoka Afterlives, juu ya watu wa pwani na maaskari Waafrika waliopiganishwa na Wajerumani katika vita vikuu vya kwanza.

Ukihesabu, mpaka siku ile ya simu jikoni alikuwa ametoa riwaya 10. Kutoka kitabu cha kwanza mpaka tuzo ni miaka 34. Alikuwa na miaka 72. Miaka yote hiyo wataalamu wa fasihi walikuwa wanamsoma na kumheshimu, lakini sokoni vitabu vyake havikuwa vinagombaniwa. Yeye akaendelea tu. Na baada ya tuzo hakukaa: mwaka 2025 ametoa riwaya nyingine, Theft.

Nyie vijana mnaoniambia "mwalimu, mimi nimeandika insha mbili na hakuna aliyenisifu, naacha", nawaachia hesabu hiyo ya miaka 34 mkalale nayo.

Mzee na kisanduku cha udi

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe ninachotaka mkijue, By the Sea. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, nakala iliyochakaa niliyoazimwa, kamusi ikiwa pembeni, kwa muda wa miezi miwili. Nitawasimulia kwa kifupi.

Mzee wa miaka 65, Saleh Omar, muuza samani kutoka Zanzibar, anashuka kwenye ndege uwanja wa Gatwick, Uingereza. Pasipoti aliyoshika ina jina lisilo lake. Aliyemuuzia tiketi amemshauri asionyeshe kwamba anajua Kiingereza. Basi mzee anatamka maneno mawili tu, kwamba ni mkimbizi na anaomba hifadhi. Mengine yote anakaa kimya kama haelewi, kumbe kila kitu anakielewa.

Afisa wa uhamiaji anafungua mfuko wake. Ndani mna nguo chache na vitu vidogo vidogo, na mna kisanduku cha mbao. Ndani ya kisanduku mna udi, ule udi mzuri wa kufukiza, unaotoka nchi za mbali mashariki na kuletwa pwani na wafanyabiashara wa majahazi. Kwa mzee yule kisanduku kile ni kumbukumbu ya biashara yake na ya watu aliowajua, ni maisha yake yote. Afisa anamshauri kwamba angebaki kwao, umri wake umekwenda. Tena afisa mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi waliotoka Romania! Mwishowe anamgongea muhuri wa kuingia, na kisanduku cha udi anakichukua.

Jamani, hapa sifundishi mtu kudanganya jina kwenye intavyu. Mnajua wenyewe matatizo yanayotoka huko, na hata ndani ya kitabu jina lile la uongo linamletea mzee mambo mazito. Ninachotaka tukione ni kile kisanduku. Afisa alikuwa na maswali yake: unatoka wapi, unaomba nini, karatasi ziko wapi. Ni kazi yake, lazima aulize. Lakini swali la kisanduku hakuwa nalo kwenye fomu. Hakuuliza udi ule ulitoka kwa nani, na kwa nini mtu anayekimbia maisha yake abebe udi.

Sisi hapa tumesimulia habari zetu mara ngapi? Mara ya kwanza mpakani, mara ya pili kituo cha mapokezi, mara ya tatu wakati wa kuhesabiwa upya, na wenye bahati ya kuitwa kwa ajili ya nchi ya tatu wanasimulia tena na tena. Tumejifunza kusimulia kwa ufupi, tena kwa namna ile ile: kijiji, tarehe, waliotushambulia, waliofariki, njia tuliyopita. Ile ni hadithi ya ofisini, ni ya kweli na ina kazi yake. Ila ukiisema mara nyingi sana unaweza ukafika mahali ukadhani ndiyo habari yako yote. Ulikuwa fundi, ulikuwa mchezaji, ulikuwa unajua kuimba harusini, ulikuwa na deni la jirani na mbuzi wawili. Hayo fomu haiulizi, na watoto wako hawayajui.

Mama yangu alipokimbia kutoka Baraka alibeba mtoto mgongoni, sufuria, na mizani ya mkono aliyokuwa anapimia dagaa, sisi tunasema ndakala. Njiani watu walimcheka: mizani ya nini, na samaki hakuna? Kumbe yeye anasema mtu mwenye mizani ni mfanyabiashara, hata akiwa hana cha kupima. Miaka miwili baadaye akaanza kupimia watu maharage sokoni hapa, na mizani ni ile ile.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na watu wengi wanatuona hivyo, kwamba mkimbizi ni mkono mtupu uliokuja kuomba. Alipohojiwa kwa simu siku ile ile ya tuzo, Gurnah alisema kwamba watu wanaokimbia wanakuja kwa shida, ni kweli, lakini pia wana kitu cha kutoa, hawaji mikono mitupu. Mtu aliyesema hivyo alikuwa ameshafundisha vijana wa Uingereza fasihi kwa miaka mingi, kwa hiyo anajua anachosema.

Watu wawili, hadithi mbili

Kitabu hakiishii uwanja wa ndege. Mzee anapelekwa mji mdogo kando ya bahari. Wanaomsaidia, kwa kuwa wanaamini hajui Kiingereza, wanamtafuta mtu wa kumtafsiria. Wanampata mwalimu wa chuo kikuu London, Latif Mahmud, naye ni Mzanzibari. Alitoka kwao kijana kwenda kusoma Ujerumani Mashariki, akaishia Uingereza. Latif anapotajiwa jina la mzee anashtuka. Ni jina la baba yake mzazi, ambaye ameshafariki.

Tena si hivyo tu. Saleh Omar ndiye mtu ambaye familia ya Latif ilimchukia kuliko wote. Kwa habari alizokua nazo Latif, yule ndiye aliyewanyang'anya nyumba kwa ajili ya deni. Upande wake Saleh Omar ana habari nyingine: kwamba ugomvi ule wa nyumba ulimpeleka kifungoni miaka mingi, na mkewe na mtoto wao wa kike walifariki yeye akiwa amefungwa.

Sasa watu hawa wawili wanafanya nini? Wanakaa kwenye chumba, chai mezani, wanaanza kusimuliana. Huyu anasema yake, yule anasema "hapana, haikuwa hivyo". Wanarudi nyuma, wanaanza tena. Hawaamuliwi na hakimu. Mwandishi hatuambii nani mshindi. Lakini ukifunga kitabu unaona kwamba wale wawili, ugenini kule, hawana mtu mwingine wa kumkumbushana naye mitaa ya kwao, harufu zake na majina ya watu wake. Adui wa zamani ndiye aliyebaki anaijua nyumba.

Mimi naona hapa ndipo kitabu hiki kinapotugusa kwenye kidonda. Kambini kwetu tuko watu wa makabila na vijiji vilivyowahi kupigana. Tunapanga ndoo zetu foleni moja. Watoto wetu wanakaa dawati moja, na nyumbani kila mmoja anasikia hadithi ya upande wake: nani alianza, nani alichoma, ng'ombe walikuwa wa nani, ardhi ilikuwa ya nani. Sisemi mtu asahau, wala sisemi pande zote zina kosa sawa sawa, hayo si ya mwalimu kuamua. Nasema tu mtoto akisikia hadithi moja peke yake maisha yake yote, akirudi nyumbani siku moja atairudisha na vita ndani yake. Akisikia na ya jirani, angalau atajua kwamba na kule kuna waliolia.

Ziwa letu limo kitabuni

Watu wa Uvira, Baraka, Kalemie, na ninyi ndugu zetu wa Rumonge, kuna kitu chenu pia. Katika riwaya ya Paradise mtoto Yusuf, mwenye miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba Aziz. Yusuf hajui kwamba Aziz si mjomba wake kabisa. Baba yake ana deni, na yeye ndiye amewekwa rehani. Baadaye anasafiri na msafara wa biashara wa Aziz kutoka pwani kwenda ndani, porini na milimani, mpaka kuvuka ziwa kubwa kuelekea Kongo. Ni miaka ile Wajerumani wanaingia. Njia ile ya misafara ndiyo iliyoleta Kiswahili kwa mababu zetu. Kwa hiyo tukisoma kitabu kile tunasoma jinsi lugha yetu hii ilivyotufikia, pamoja na maumivu yaliyokuja nayo, maana misafara haikubeba vitambaa na pembe za ndovu tu, ilibeba na watu.

Gurnah aliandika kwa Kiingereza. Wengine wanamlaumu, wanasema kwa nini asiandike Kiswahili. Kila mtu na njia yake. Maneno ya Kiswahili amejaza ndani ya vitabu vyake, na mwaka 2022 Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Mwenye ndugu anayetoka Dar amwagizie. Tukipata nakala moja tu, tutaisoma kwa sauti jioni za Jumamosi, wakubwa kwa wadogo.

Ni wa wapi?

Tuzo ilipotangazwa, Watanzania walianza kubishana. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye naye ni mzaliwa wa Zanzibar, alimpongeza na kusema ni heshima kwa taifa. Wengine wakauliza: huyu si aliondoka tangu kijana, si ana uraia wa Uingereza, na sheria ya Tanzania si hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili? Wengine wakasema alikimbizwa, leo ameshinda ndiyo mnamkumbuka?

Mabishano hayo ni yetu pia. Watoto waliozaliwa hapa kambini wakiulizwa "kwenu wapi" wanakwama. Wanataja kijiji wasichowahi kukiona, au wanataja namba ya bloku. Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wa darasa la sita insha, "Nyumbani kwetu". Wengi waliandika juu ya bomba la maji na uwanja wa mpira. Msichana mmoja akaandika juu ya mwembe ulio nyuma ya nyumba, embe zake zina nyuzi nyingi na ni tamu sana, na babu yake alikuwa analala chini yake mchana. Nikamuuliza, umeuona lini mwembe huo, wewe si umezaliwa hapa? Akasema, "Bibi ananisimulia tukipanga foleni ya mgao." Yule mtoto ana kwao. Hakufundishwa na kitabu, amefundishwa na bibi kwenye foleni.

"Lakini kitabu hakijazi sufuria"

Najua kuna wazazi watasema hivyo, tena mmoja ameshaniambia: "Mwalimu, mtoto anashinda na hadithi, maji hayajatekwa." Ana haki. Maji yatekwe kwanza. Na tuseme ukweli, tuzo ya Nobel inapewa mtu mmoja, mara chache wawili, kwa mwaka mzima, dunia nzima. Sitaki kijana yeyote aache kujifunza useremala au ushonaji kwa sababu anangoja simu kutoka Uswidi.

Faida ninayoiona iko karibu zaidi. Mtoto aliyezoea kusimulia kitu kwa mpangilio, nani alifanya nini, wapi, lini, halafu ikawaje, kesho akiingia zahanati ataeleza ugonjwa wake daktari aelewe. Akiingia ofisini hatatetemeka. Akionewa atajua kuandika malalamiko. Na mzazi aliyesimulia habari zake nzima kwa mtoto wake, si zile za fomu tu, anabaki kuwa mzazi mwenye historia machoni pa mtoto. Hataonekana kama mtu wa kungoja mgao peke yake. Hilo nalo ni chakula, ingawa haliingii kwenye sufuria.

Daftari la familia

Basi, mwezi huu naomba kila familia ijaribu kitu kimoja. Tafuteni daftari moja, hata lile lililobaki kurasa 10. Jioni, kabla giza halijaingia, mkubwa asimulie na mtoto anayejua kuandika aandike. Anzeni na maswali haya:

1. Ulipokimbia ulibeba nini mkononi, na kwa nini kitu hicho?

2. Kabla ya vita ulikuwa unafanya kazi gani, na nani alikufundisha?

3. Ni mti gani, mto gani au sauti gani ya nyumbani unaikumbuka?

4. Jirani yenu mliyegombana naye alikuwa nani? Unadhani yeye angesimulia vipi ugomvi huo?

Swali la nne ni gumu, mnaweza kuliacha mpaka mtakapokuwa tayari. Na kwa jumla msimlazimishe mtu. Kuna mambo mengine mzee hataki kuyasema mbele ya watoto, au hawezi kuyasema kabisa bila usiku wake kuharibika. Mwacheni. Embe linatosha. Andikeni kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, lugha yoyote ambayo moyo unaijua. Tahajia tutasahihisha shuleni. Majina ya watu na vijiji mnaweza kuyaficha kama mnaona kuna hatari.

Wanaopenda wanaweza kuniletea daftari shuleni baada ya vipindi, au kumpa mzee wa bloku. Tutachagua habari mbili tatu za kuchapa toleo lijalo, kwa ruhusa ya wenyewe. Na wale wasiotaka zichapwe, zitunzeni ndani ya mfuko wa plastiki, juu, mahali mvua na panya havifiki, pamoja na kadi zenu. Maana siku ya kuhama, iwe ni kurudi nyumbani au kwenda mbali zaidi, mtaulizwa tena mna nini mfukoni.

Nawatakia mwezi mwema wenye amani. Wanafunzi, tukutane darasani Jumatatu, na mje na kalamu.

Mwalimu wenu wa kujitolea, shule ya msingi